Tucker au Crochet, Soto au Betts: dili ipi ya majira ya baridi uiunge mkono?

Msimu wa besiboli ya Marekani ukishafungwa, mchezo unahamia midomoni mwa mashabiki. Kuanzia Novemba hadi Februari, wachezaji wanapokwenda Florida na Arizona kujinoa, mjadala ni mmoja tu: nani aletwe, na nani atolewe ili aletwe. Kambi huwa mbili. Kambi ya kwanza inataka nyota leo, chipukizi waende popote, maana chipukizi ni ahadi na ahadi nyingi hazitimii. Kambi ya pili inalia kwamba vijana waliolelewa kwa miaka wanatolewa kwa mtu ambaye baada ya miezi kumi atakuwa ameshafunga virago.

Naona kambi zote mbili zinaanzia pabaya, kwa sababu zinabishania majina. Kwenye dili hizi kinachouzwa ni miaka. Ukijua timu inanunua miaka mingapi, na ya mchezaji wa kazi gani, nusu ya ubishi inakwisha.

Kwa aliyezoea soka, hili linahitaji maelezo kidogo. Yanga wakimtaka mchezaji wa timu nyingine, wanamalizana kwa pesa, na mchezaji mwenyewe akigoma dili inakufa. Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani, MLB, haiko hivyo. Timu inatoa wachezaji na kupokea wachezaji, pesa inaingia kama kijazio tu. Mchezaji hufungwa na timu yake mpaka atimize miaka sita ya utumishi katika ligi kuu. Miaka mitatu ya kwanza hulipwa karibu na kima cha chini, mitatu inayofuata mshahara hupanda kwa mazungumzo au kwa usuluhishi, halafu anakuwa huru. Kabla ya hapo anaweza kuamka asubuhi akaambiwa ahamie mji mwingine. Wenye haki ya kukataa ni waliotimiza miaka kumi katika ligi, mitano ya mwisho wakiwa na timu hiyo hiyo, au wenye kipengele cha kukataa ndani ya mkataba. Kwa hiyo nyota yule yule akiwa na miaka mitatu mbele yake ana bei moja, na akibakiwa na mwaka mmoja ana bei nyingine kabisa.

Wiki moja ya Desemba 2024

Ukitaka kulinganisha kwa haki, tafuta dili mbili zilizofanyika katika soko moja. Bahati nzuri zipo. Tarehe 11 Desemba 2024 Chicago White Sox walimtoa mrushaji Garrett Crochet kwenda Boston Red Sox. Siku mbili baadaye Houston Astros walimtoa Kyle Tucker kwenda Chicago Cubs.

| | Garrett Crochet | Kyle Tucker |
|---|---|---|
| Kazi | mrushaji wa kuanza mechi, mkono wa kushoto | mpigaji, mlinzi wa upande wa kulia |
| Umri siku ya dili | miaka 25 | miaka 27 |
| Muda uliobaki kabla ya kuwa huru | misimu 2 | msimu 1 |
| Mshahara wa 2025 | dola milioni 3.8 | dola milioni 16.5 |
| Waliotolewa | Kyle Teel, Braden Montgomery, Chase Meidroth, Wikelman Gonzalez | Isaac Paredes, Hayden Wesneski, Cam Smith |

Ukipima jina, Tucker alikuwa mbele. Alikuwa ameshachaguliwa mara tatu mfululizo kwenye kikosi cha nyota wa ligi na ameshatwaa ubingwa wa 2022 akiwa na Houston. Crochet alikuwa na msimu mmoja tu wa kuanza mechi, iningi 146 (iningi ni zamu ya mchezo, na mechi ya kawaida ina tisa), rekodi ya kushinda 6 na kupoteza 12, na kiwiko kilichofanyiwa upasuaji mwaka 2022. Hiyo rekodi haikuwa kosa lake. White Sox wa 2024 walipoteza mechi 121, nyingi kuliko timu yoyote katika zama za sasa za mchezo huu. Lakini aliyemwona akirusha alijua: aliwatoa wapigaji 209 kwa straiki, yaani walikosa au kuachia mipira mizuri mara tatu, katika iningi hizo chache.

Sasa tazama waliotolewa. Boston walitoa vijana wanne ambao hakuna hata mmoja aliyekuwa ameshacheza ligi kuu. Teel, mdakaji, na Montgomery walikuwa chaguo lao la kwanza katika drafti (mgao wa kila mwaka wa wachezaji wapya) za 2023 na 2024. Montgomery hakuwa amecheza hata mechi moja ya kulipwa, kwani aliumia kifundo cha mguu akiwa bado chuoni. Ni bei kubwa. Ila vijana watatu ambao Boston waliwathamini kuliko wote, Roman Anthony, Marcelo Mayer na Kristian Campbell, walibaki nyumbani. Cubs kwa upande wao walitoa mtu anayecheza sasa hivi, Paredes, ambaye angeweza kushika beisi ya tatu kwa miaka mitatu zaidi, mrushaji Wesneski, na Cam Smith, chaguo lao la kwanza la miezi mitano tu iliyopita. Yote hayo kwa msimu mmoja.

Msimu wa 2025 ukaja na majibu. Crochet alishinda mechi 18 na kupoteza 5, akawatoa wapigaji 255 kwa straiki, na wastani wake wa mikimbio (pointi za wapinzani) anayoruhusu kwa kila iningi tisa ukawa 2.59. Kabla hata msimu haujachanganya, Boston walikuwa wameshampa mkataba mpya wa miaka sita wa dola milioni 170. Tucker alianza kwa kasi, akachaguliwa tena kwenye kikosi cha nyota, lakini mwezi Juni alijitupa kwenye beisi ya pili akaumia mkono wa kulia. Baadaye ikajulikana ulikuwa na ufa mdogo kwenye mfupa. Septemba msuli wa ndama ya mguu ukamweka nje. Akamaliza na homurani 22, yaani mipira aliyoipiga ikavuka ukuta, pamoja na beisi 25 za kuiba. Si mwaka mbaya. Cubs walishinda mechi 92, wakarudi kwenye mchujo wa kuwania ubingwa kwa mara ya kwanza tangu 2020, wakawatoa Padres, kisha wakafungwa na Milwaukee katika mechi ya tano. Novemba Tucker akawa mchezaji huru.

Kuna usiku mmoja unaoonyesha Boston walinunua nini. Tarehe 30 Septemba 2025, mechi ya kwanza ya mchujo, nyumbani kwa Yankees. Iningi ya pili Anthony Volpe alimpiga Crochet homurani ya peke yake, 1-0, uwanja ukalipuka. Baada ya hapo Crochet aliwatoa wapigaji 17 mfululizo. Kumi na saba, bila mtu kugusa beisi. Alitoka katika iningi ya nane akiwa amerusha mipira 117, amewatoa 11 kwa straiki na hajampa hata mmoja beisi ya bure kwa kurusha mipira mibovu. Boston wakashinda 3-1. Wakapoteza mechi mbili zilizofuata na safari ikaishia pale, lakini Crochet alikuwa bado wa kwao, na wanaye kwa miaka.

Houston nao wasihukumiwe kwa pupa. Wesneski alifanyiwa upasuaji wa kiwiko, Paredes akaumia msuli wa paja mwezi Julai, Smith akatupwa ligi kuu akiwa amecheza mechi chache mno katika ligi za chini, na timu ikakosa mchujo kwa mara ya kwanza tangu 2016. Shabiki wa Astros aliyekasirika Oktoba ile ana haki yake. Ila miaka waliyopokea haikuwa imeisha.

Soto na Burnes: mwaka mmoja mmoja, hatima mbili

Mtu akisikia habari ya Crochet hukimbilia kusema mwaka mmoja haununuliwi kamwe. Hapo ndipo ninapotofautiana naye, na sababu yangu ni Juan Soto.

Desemba 2023 San Diego Padres walikuwa wamebanwa. Kampuni iliyokuwa ikirusha mechi zao kwenye televisheni ilikuwa imejiondoa katikati ya msimu, mwenye timu Peter Seidler alikuwa amefariki mwezi Novemba, na mishahara ilibidi ipungue. Soto, aliyekuwa na msimu mmoja kabla ya kuwa huru, angelipwa dola milioni 31. Wakamtoa kwenda Yankees pamoja na Trent Grisham, wakapokea Michael King, Drew Thorpe, Jhony Brito, Randy Vásquez na mdakaji Kyle Higashioka. Warushaji wanne na mdakaji, kwa mtu ambaye kila mmoja aliyemjua wakala wake, Scott Boras, alijua angekwenda sokoni.

Yankees walikuwa wametoka kushinda mechi 82 na kupoteza 80, nje ya mchujo. Lakini Aaron Judge alikuwa amekosa sehemu kubwa ya 2023 kwa kuumia kidole cha mguu, na Gerrit Cole alikuwa ametoka kutwaa Cy Young, tuzo ya mrushaji bora. Nguzo zilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kupiga mbele ya Judge, anayejua kusubiri mpira wake. Soto alipiga homurani 41 na akapata beisi ya bure mara 129.

Halafu ikaja tarehe 19 Oktoba 2024, Cleveland, iningi ya kumi, 2-2, wapigaji wawili wa Yankees wameshatoka (wa tatu akitoka zamu yao imekwisha), wenzao wawili wako kwenye beisi. Hunter Gaddis anarusha, Soto anaugonga nje ya mstari. Anarusha tena, nje ya mstari tena. Kati ya mpira na mpira Soto anatikisa kichwa akimtazama mrushaji, kama anayesema huo siutaki, lete mwingine. Mpira wa saba ulikuwa wa kasi, ukapaa mpaka ng'ambo ya ukuta wa kati. 5-2. Yankees wakaingia World Series, fainali ya ubingwa, kwa mara ya kwanza tangu 2009.

Walifungwa na Dodgers katika mechi tano, na iningi ya tano ya mechi ya mwisho bado inawauma mashabiki wao: walikuwa mbele 5-0, Judge akaangusha mpira mwepesi, Volpe akatupa vibaya, Cole hakwenda kufunika beisi ya kwanza. Desemba Soto akasaini Mets, miaka 15, dola milioni 765. Kwa kuwa Yankees ni walipa kodi ya mishahara, inayotozwa timu inayovuka kikomo cha mishahara, fidia yao ya kuondokewa na Soto ilikuwa nafasi moja ya drafti baada ya raundi ya nne. Kwa mchezaji wa kiwango kile, hicho si kitu.

Na bado nasema ilikuwa dili nzuri kwao. Pesa ambazo hazikwenda kwa Soto zilikwenda kwa Max Fried, miaka minane, dola milioni 218, na Fried akashinda mechi 19 mwaka 2025. Grisham, aliyeonekana kama nyongeza ya kujazia fomu, alipiga homurani 34 mwaka huo huo. Timu yenye nguzo na yenye fedha za kuziba pengo inaweza kununua mwaka mmoja na isijute.

Sasa mweke pembeni yake Corbin Burnes. Tarehe 1 Februari 2024 Milwaukee Brewers walimtoa kwenda Baltimore Orioles kwa Joey Ortiz, DL Hall na nafasi ya 34 katika drafti. Baltimore walikuwa wameshinda mechi 101 mwaka uliotangulia na kutolewa na Texas bila kushinda hata moja kwenye mchujo. Walikuwa na walinzi vijana wa kati ya uwanja wengi kuliko nafasi: Gunnar Henderson, Jordan Westburg, Jackson Holliday. Ortiz angekaa benchi. Kwa hiyo walitoa walichokizidisha, wakapata walichokikosa, mrushaji wa mechi ya kwanza. Kwenye karatasi sijaona dili ya mwaka mmoja iliyopangwa vizuri kuliko hiyo.

Burnes akatimiza sehemu yake. Alishinda 15, wastani wa 2.92. Tarehe 1 Oktoba, mechi ya kwanza dhidi ya Kansas City, alirusha iningi nane kamili na kuingia ya tisa, akaruhusu mkimbio mmoja tu, Bobby Witt Jr. alipomleta nyumbani Maikel Garcia katika iningi ya sita. Baltimore hawakufunga kitu. 1-0. Mechi ya pili wakafungwa 2-1. Msimu mzima wa Burnes ukaishia kwenye mechi mbili ambazo wenzake walipata mkimbio mmoja kwa jumla. Desemba akaenda Arizona kwa miaka sita na dola milioni 210.

Mashabiki wengi wa Baltimore hulaumu dili ya Burnes. Mimi nalaumu majira ya baridi yaliyofuata. Mwenye mali mpya alikuwa ameshaingia, nafasi ya mrushaji mkuu ilikuwa wazi, nao wakaijaza na Charlie Morton na Tomoyuki Sugano kwa mikataba ya mwaka mmoja mmoja. Mwaka 2025 walishinda mechi 75. Ukinunua mwaka mmoja, anza siku hiyo hiyo kupanga mwaka wa pili. Yankees walipanga. Baltimore hawakupanga.

Mrushaji si sawa na mpigaji

Hapa kuna jambo ambalo mijadala mingi hulipita, na kwangu ndilo zito kuliko yote. Juni 2025, miezi sita tu baada ya kusaini Arizona, Burnes alifanyiwa upasuaji wa kano ya kiwiko. Mwaka mzima aliokuwa Baltimore mkono wake ulikuwa salama. Aliyeumia ni aliyenunua miaka sita.

Chris Sale ni shahidi mwingine. Boston walimchukua kutoka White Sox Desemba 2016, akiwa na miaka mitatu mbele yake, kwa kundi lililoongozwa na Yoan Moncada na Michael Kopech. Mwaka 2018 yeye ndiye aliyerusha iningi ya mwisho ya ubingwa. Dili safi. Machi 2019 wakamwongezea miaka mitano kwa dola milioni 145, na Machi 2020 akafanyiwa upasuaji huo huo wa kiwiko. Kilichofuata ni majeraha juu ya majeraha. Desemba 2023 wakamtoa kwenda Atlanta kwa Vaughn Grissom mmoja, na mwaka 2024 Sale akiwa huko akashinda mechi 18, akapoteza 3, akatwaa Cy Young. Miaka waliyoinunua kwa bei ya juu ilipotea, na mwaka mzuri akaupata mwingine kwa bei ya chini.

Kwa hiyo mwaka wa tatu au wa nne wa mrushaji usiuhesabu kwa thamani kamili. Hesabu mwaka wa kwanza na wa pili, inayofuata ichukulie kama nyongeza ya bahati. Mpigaji ni tofauti. Mpigaji mzuri wa miaka 26 au 27 ana miaka mingi ya kutegemewa, hata akiumia hapa na pale. Crochet ni chaguo zuri kwa sababu Boston walilipia misimu miwili wakati wa dili. Mkataba wa miaka sita walioongeza ni kamari nyingine, tofauti na ile ya kwanza, na ihukumiwe peke yake.

Betts: mnunuzi akibaki naye

Kwa mpigaji, mfano mkubwa ni Mookie Betts. Februari 2020 Boston walimtoa, pamoja na David Price, kwenda Los Angeles Dodgers. Walipokea Alex Verdugo, Jeter Downs na Connor Wong. Betts alikuwa mchezaji bora wa ligi yake mwaka 2018, alikuwa na umri wa miaka 27, na alibakiwa na msimu mmoja. Kwa hesabu ya siku ile, Dodgers walinunua mwaka mmoja. Mwezi Julai, kabla hajawachezea mechi hata moja ya msimu, walimpa miaka 12 kwa dola milioni 365.

Mechi ya sita ya World Series ya 2020, Tampa Bay wako mbele 1-0 katika iningi ya sita, na Blake Snell, ambaye hakuna aliyekuwa akimgusa, anaondolewa. Betts anampokea mrushaji mpya kwa kupiga mpira wa beisi mbili. Muda mfupi baadaye Corey Seager anapiga mpira wa kuburuza chini kuelekea beisi ya kwanza, na Betts anachomoka kutoka ya tatu mara tu mpira unapogusa gongo, anafika nyumbani kabla ya mpira. Iningi ya nane anapiga homurani. 3-1, ubingwa. Mengine mawili yakafuata, 2024 na 2025.

Boston? Downs waliachana naye ndani ya miaka mitatu. Verdugo akatolewa kwenda Yankees Desemba 2023. Amebaki Wong, mdakaji. Timu ilishika mkia wa kundi lake 2020, 2022 na 2023. Sitetei dili hiyo kwa lolote. Ilifanywa na timu tajiri ili kupunguza mishahara, na hakuna chipukizi anayeweza kufidia uamuzi wa aina hiyo.

Atlanta walipita njia ya Dodgers kwa kasi zaidi. Machi 2022, siku chache baada ya mgomo wa wamiliki wa siku 99 kumalizika, walimchukua Matt Olson kutoka Oakland kwa vijana wanne, na kesho yake akasaini miaka minane, dola milioni 168. Mwaka 2023 alipiga homurani 54. Hao hawakumpa wakala muda wa kupiga simu kwa mtu mwingine.

Kwa upande wa muuzaji

Hapa nitakuwa mfupi, maana somo ni moja: omba wachezaji walio karibu na ligi kuu, usiombe ndoto. Milwaukee walimtoa Burnes, wakamweka Ortiz uwanjani mwaka huo huo, wakashinda mechi 93, na mwaka 2025 mechi 97, nyingi kuliko timu nyingine yoyote. Padres walimweka King kwenye mzunguko wa warushaji wao, akamaliza na wastani wa 2.95 na straiki 201, na Thorpe wakamtumia mwezi Machi kumpata Dylan Cease kutoka White Sox. Warushaji wawili wa mbele, kila mmoja akiwa na misimu miwili. Walishinda mechi 93 bila Soto. Ni kweli pia kwamba Oktoba, wakiwa mbele ya Dodgers 2-1, walimaliza iningi 24 bila mkimbio hata mmoja. Warushaji walikuwepo, aliyekosekana ni mpigaji wa aina ile ile waliyemtoa. Sioni jinsi ya kulikwepa hilo.

Chipukizi wa mbali nao wana hadithi yao. Mwaka 2022 Dodgers walisajili vijana wawili kutoka Uganda, na kwetu ni jambo la kujivunia. Ila kijana aliye mwanzo kabisa wa ngazi za ligi za chini, awe wa Uganda au wa Jamhuri ya Dominika, hapaswi kuwa jina la kwanza katika malipo ya nyota. Awe la tatu au la nne.

Uchague ipi?

Kama timu yako ina wapigaji wakubwa wawili walio kwenye umri wao mzuri, ina mrushaji mkuu, na mwenye mali hulipa kodi ya mishahara bila kununa, unga mkono dili ya mwaka mmoja hata kama wakala ni Boras. Boras huwapeleka wengi sokoni, ingawa Stephen Strasburg mwaka 2016 na José Altuve mwaka 2018 walisaini kubaki, kwa hiyo usilifanye jina lake kuwa hukumu.

Kama timu yako ni changa na ina vijana waliozidi katika nafasi moja, fuata bei ya Burnes: toa waliozidi, usitoe nguzo. Na udai kwa sauti kwamba mpango wa mwaka unaofuata ufanyike.

Kama timu yako haijui itakuwa wapi baada ya miaka mitatu, usinunue mwaka mmoja wa mtu yeyote. Subiri Crochet wako, mwenye misimu miwili na mshahara mdogo. Na kama anayetolewa ni mpigaji kijana kama Betts, mlete, ila mkataba uwe mezani kabla ya mechi ya kwanza. Bila nia hiyo, Cubs wanaweza kukueleza mwaka mmoja wa mpigaji unavyoweza kukatwa na mfupa mmoja wa mkono.

Baada ya msimu wa 2025 ubishi huu wote ulimwangukia Tarik Skubal wa Detroit Tigers. Cy Young mbili mfululizo, wastani wa 2.21, straiki 241, na msimu mmoja tu kabla ya kuwa huru. Wakala wake ni Boras. Mkono wake umewahi kufanyiwa upasuaji mara mbili, mara moja akiwa chuoni na mara nyingine mwaka 2022. Kwa kipimo nilichokitumia hapa, mwaka mmoja wake hautishi kama wengi wanavyodai, kwa sababu miaka ya mbele ya mrushaji wa namna hiyo ndiyo yenye hatari. Kama ningekuwa shabiki wa timu yenye wapigaji wa kutosha, ningetoa mrushaji kijana mmoja aliye tayari, mlinzi wa kati aliyezidi na mwingine wa ngazi za chini, na nisingemgusa mpigaji wangu bora kijana kwa bei yoyote.

Kwa shabiki wa Detroit jibu langu ni tofauti: mbakize. Tarehe 10 Oktoba 2025, mechi ya tano huko Seattle, Skubal aliwatoa wapigaji 13 kwa straiki katika iningi sita na akatoka Tigers wakiwa mbele 2-1. Walipoteza 3-2 katika iningi ya 15. Timu iliyofika karibu hivyo inahitaji mpigaji mmoja wa ziada na mrushaji mmoja wa akiba wa kumalizia mechi, na hao wanapatikana bila kumtoa mtu aliyewafikisha pale.